"Ungependa", kama nini?

SWALI: Mimi ni msomaji wako wa Ujiji, Kigoma. Kila nikifungua habari kwenye simu, kabla sijamaliza mstari wa pili linaruka libao na kufunika maandishi yote: "Je, ungependa kupokea arifa zetu?" Chini yake pana vitufe viwili, "Ndiyo, ningependa" na "Labda baadaye". Huwa nabonyeza chochote ili liondoke. Kitu hicho kinaitwaje kwa Kiswahili?

JIBU: Kinaitwa dirisha ibukizi. "Dirisha" tumelipata kwa Waajemi. "Ibukizi" linatokana na kuibuka, na mtu wa ziwani hahitaji kufafanuliwa: mpiga mbizi huzama hapa akaibuka kule. Jina zuri, litumie.

Kilichonichoma ni hilo "ungependa".

Kiambishi -nge- kinabeba sharti. "Ningekuwa na nauli, ningepanda treni kwenda Tabora." Ukisikia hivyo unajua nauli hana na Tabora haendi. Sasa anayeniuliza kama ningependa kupokea arifa, ningependa kama nini? Kama ningekuwa na bando? Kama nisingekuwa na habari ya kusoma? Sharti limekatwa, sentensi imebaki inaning'inia. Ni Kiingereza kilichogeuzwa neno kwa neno na mtu aliyekuwa na haraka.

Ugonjwa ni ule ule wa harusini. Mshereheshaji anasimama: "Ningependa kuchukua nafasi hii kuwashukuru." Nafasi umeshaichukua, kipaza sauti unacho mkononi, shukuru basi! Harusini nimechoka kugombana, siku hizi nanyamaza. Kwenye simu sinyamazi, kwa sababu kijana anaikuta sentensi hiyo kila siku, imeandikwa, na kwake kilichoandikwa ndicho sahihi.

Nenda Soko la Mwanga asubuhi. Simama mbele ya muuza dagaa, kisado kiko mkononi mwake. Hakuulizi, "Je, mama, ungependa kununua dagaa?" Anasema, "Karibu mama, nikupimie?" Neno moja tu, na ndani yake yumo anayepima, yumo anayepimiwa, na heshima imo, maana uamuzi amekuachia wewe. Ukimjibu, "Hapana mwanangu, leo nina mboga," kisado kinarudi juu ya fungu, naye anamgeukia mwingine. Nikupimie, nikufungie, nikuletee: hivyo ndivyo Mswahili anavyomuuliza mtu anachotaka, tangu hakujawa na simu.

Wanaoitetea "ungependa" wananiambia ni adabu. Adabu gani ya kumfunikia mtu habari anayoisoma, kisha ukamnyima hata "hapana" ukampa "labda baadaye"? Mwenye adabu hubisha hodi, na asipoitikiwa huondoka. Hili linaingia hadi chumbani, ndipo liulize.

Mmarekani Ethan Zuckerman, aliyeandika programu ya kufungua tangazo katika dirisha lake lenyewe miaka ya 1990, aliomba radhi hadharani mwaka 2014. Hakuandika kwamba angependa kuomba radhi. Aliomba.

Kwa hiyo nyinyi wenye tovuti, andikeni: "Tukutumie arifa?" Chini yake wekeni "Ndiyo" na "Hapana", kwa herufi za ukubwa mmoja. Na msubiri msomaji wangu wa Ujiji amalize kwanza habari yake.