Ukiulizwa kama papa chuimilia yumo hatarini, usijibu kwa neno moja

Msomaji mmoja anayeandika tasnifu ya shahada ya kwanza ameuliza: papa chuimilia yumo hatarini au hayumo? Anataka sentensi moja ya kumpa msimamizi wake. Sentensi ipo, tena fupi: kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, umoja wa kimataifa wa uhifadhi wa asili, chuimilia (kisayansi Galeocerdo cuvier) yuko daraja la NT, yaani karibu na kutishiwa, kwa tathmini ya 2018 iliyotolewa 2019, na idadi yake inapungua. Ukiishia hapo alama utapata. Lakini wewe unataka kuijua kazi, si kupata alama tu.

Daraja hilo halitokani na idadi ya papa waliobaki baharini. Linatokana na kasi ya kupungua ndani ya vizazi vitatu. Ikifika asilimia 30, spishi huingia VU, daraja la kwanza la wanaotishiwa. Ikifika 50 ni EN, yaani hatarini, na 80 ni CR, yaani hatarini kabisa. Papa chuimilia alikadiriwa kupungua karibu asilimia 30 duniani kote, na vizazi vyake vitatu ni zaidi ya miaka 50. Amesimama kizingitini. Anayeandika “yuko salama” hajakisoma kigezo, na anayeandika “anatoweka” hajalisoma daraja. Makosa yote mawili hurudiwa kila siku na watu wenye vyeti ukutani, na yanachosha.

Kisha andika mahali. Wastani wa dunia unaficha mengi. Queensland, Australia, ambako nyavu na ndoana zenye chambo zimetegwa karibu na fukwe za kuogelea tangu 1962, rekodi zinaonyesha wanaonaswa wamepungua kwa takriban robo tatu katika nusu karne. KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, zana za namna hiyohiyo zilinasa chuimilia wengi zaidi kadiri miaka ilivyokwenda. Bahamas ilipiga marufuku mishipi mirefu ya ndoana nyingi miaka ya 1990, na mwaka 2011 ikafunga biashara yote ya uvuvi wa papa. Leo kwenye maji ya kina kifupi karibu na Grand Bahama hukusanyika majike wakubwa, wakiwemo wenye mimba. Spishi ni hiyohiyo moja. Kwa hiyo usinukuu takwimu ya Queensland kana kwamba ni ya Bahari ya Hindi nzima, na ukumbuke kwamba zana za ufukweni hazipimi kilichoko bahari kuu.

Usidanganywe na wingi wa watoto pia. Jike huzaa kati ya 10 na zaidi ya 80, mara nyingi 30 na kitu, na hapo wengi hudhani hakuna shida. Mimba hukaa miezi 13 hadi 16, na utafiti wa Hawaii ulionyesha kuwa jike huzaa mara moja tu kila miaka 3.

Hawaii hiyohiyo, kati ya 1959 na 1976, iliua papa 4,668 ili kulinda waogeleaji. Chuimilia walikuwa 554. Mashambulizi hayakupungua kwa kiasi cha maana. Mwaka 2014 Australia Magharibi ikajaribu tena kwa ndoana za maboya: papa 172 walinaswa, 163 kati yao chuimilia, na papa mweupe mkubwa, ambaye ndiye aliyeleta hofu yote ile, hakunaswa hata mmoja. Mambo haya yasomwe kabla ya kuua, si baada.

Sasa kazi ya diko, yaani pale wavuvi wanaposhushia samaki. Madaftari mengi ya pwani yetu huandikwa “papa” tu, basi. Usimtambue chuimilia kwa milia: hufifia akikua, na papa wengine wachanga nao wana milia. Tazama pua butu karibu ya mraba, na meno yaliyopinda upande, kila moja likiwa na mkato mkubwa ubavuni na kingo za msumeno, yakifanana juu na chini. Piga picha tatu: ubavu mzima, kichwa kwa chini, na meno. Pima kutoka ncha ya pua hadi ncha ya juu ya mkia, kamba ikiwa imenyooka; ukiifuatisha na mgongo utaongeza sentimita zisizokuwepo. Dume ana viungo viwili vilivyochomoza kwenye mapezi ya tumboni, jike hana.

Akinaswa hai kwenye dhulumati, yaani ule mshipi mrefu wa ndoana nyingi, usimpandishe chomboni wala usimning’inize kwa mkia. Mwache majini, kata kamba karibu kabisa na ndoana, aende. Chuimilia huvumilia kunaswa kuliko papa nyundo, ambaye mara nyingi hufa hata akiachiwa. Kipande kinachoshika ndoana kikiwa cha nailoni, mara nyingi ataking’ata kikatike, ajiokoe mwenyewe. Waya wa chuma haumpi nafasi hiyo.

Ukiletewa picha tu bila kipimo, andika spishi, diko, tarehe na zana, na nafasi ya urefu iache wazi. Usikisie “kama mita tatu”. Majike wengi hupevukia karibu na urefu huohuo, na kisio lako litamhesabu kigori kuwa mzazi.