Kadi Ninazo, Haya Ninayo

SWALI: Assalamu alaikum, Bibi Mshauri. Mimi ni mpiga picha wa kujitegemea, na kazi yangu kubwa ni harusi za hapa Unguja, hasa upande wa wanawake, ambako mpiga picha wa kiume hakaribishwi. Nilichapisha kadi za biashara 200, na zaidi ya nusu bado ninazo. Katika harusi moja nilipita mkekani nikiwagawia wageni mmoja mmoja; baada ya chakula nikaziona tatu chini ya sinia la biriani, zimelowa mchuzi. Mama huniambia kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Je, niache kuzitoa?
Mpiga picha, Michenzani

JIBU: Waalaikum salaam, mwanangu. Kadi usiziache, ila kuzigawa mkekani uache. Mgeni yule amekuja kumshangilia biharusi, na ukimpa kadi ilhali vidole vyake vina mafuta, unamtwika mzigo asiouomba, ambao sinia ndiyo mahali pa karibu pa kuutua. Isitoshe, shughuli ilikuwa ya watu waliokulipa, na sidhani kama uliwataka ruhusa.

Mama yako hajakosea, lakini methali yake inahusu kitu kilichokwisha kuonekana. Mpishi huonjesha, na fundi wa nguo hutundika gauni mlangoni. Wewe kazi yako iliyo bora kabisa imefungwa ndani ya albamu, kwa sababu wanawake waliovua mabuibui na kujipamba hawataki kujikuta mitandaoni. Kwa hiyo kadi yako inafaa itoke mikononi mwa mtu aliyeiona albamu hiyo. Siku unapompelekea biharusi picha zake, tia kadi tatu ndani ya bahasha, bila ya hotuba. Mashoga zake watakapokuja kutazama, yeye ndiye atakayezitoa.

Mwengine wa kumwendea ni somo, yule mama anayemfunda biharusi, na zaidi yake yule anayepaka hina na piko. Biharusi aliyenyoosha miguu akisubiri hina ikauke hana la kufanya ila kuzungumza, na hapo ndipo huulizwa nani atapiga picha. Mwombe mpakaji huyo akuwekee kadi tano, si 50, nawe chukua zake.

Mgeni akikwambia mwenyewe kuwa angependa kuziona picha zako, mpe kadi kwa mkono wa kulia, maandishi yakimwelekea yeye, umwambie sentensi moja, kisha urudi kazini. Usimwombe namba yake papo hapo. Anayo yako, na akitaka atapiga.

Sasa kadi yenyewe. Ningependa chini ya jina lako iandikwe hivi: “Hakuna picha itakayotolewa wala kuwekwa mtandaoni bila ya idhini ya mwenyewe.” Kwa mama anayeozesha binti, maneno hayo yana thamani kuliko maua ya dhahabu ambayo wachapaji wetu hawachoki kuyapachika. Namba ianze na +255, kwani shangazi aliyeko Maskati au London ndiye mara nyingi anayelipa, na atakutafuta kwa WhatsApp. Kipimo cha milimita 85 kwa 55 huingia kwenye pochi pale panapokaa kadi ya benki, na karatasi ya gramu 300 hadi 350 kwa mita ya mraba haijikunji upesi kwa unyevu wa hapa kwetu. Upande wa nyuma usitiwe nailoni ya kung’aa, ili mtu aweze kuandika tarehe ya harusi kwa kalamu ya kawaida bila ya wino kuteleza.

Kuhusu wakati, unajua kuwa harusi husita Ramadhani na kurudi kwa wingi kuanzia Mfunguo Mosi, ilhali mipango yake huanza mapema. Basi kadi ziwe zimeshamfikia somo tangu Rajabu na Shaaban, kabla watu hawajatawanyika kwa vunjajungu, zile karamu na matembezi ya kuukaribia mwezi wa mfungo.

Hizo mia na kitu zilizobaki usizitupe. Kama nyuma hazina nailoni, chongesha muhuri mdogo wenye sentensi ile ya idhini, uzigonge moja moja, na tano za mwanzo umpelekee anayepaka hina mtaani kwako.