Muulize Mjomba: Kusi likivuma, anzieni kusini

Shikamoo Mjomba. Mimi ni kijana wa Chumbageni, hapa Tanga, kazi yangu ni ya ofisini, na nimenunua baiskeli ya mtumba yenye gia. Mwezi wa saba tunataka kutoka Jumamosi moja, watu wanne, tufuate pwani tuone mandhari. Nimepanga tuondoke saa nne tukishapata chai, twende Pangani na kurudi siku hiyohiyo. Ni kama kilomita 50 kwenda. Je, inawezekana? Kama haiwezekani, tupite wapi pazuri na patulivu?
*Msomaji, Chumbageni*

Marahaba mwanangu. Kilomita 100 kwa siku moja ni nyingi kwa mtu anayeshinda kitini, lakini kilomita si tatizo la kwanza la mpango wako. Tatizo ni kwamba mwezi wa saba ni kusi. Kutoka Tanga kwenda Pangani unateremka kusini, yaani upepo unatoka kulekule unakokwenda. Ukiondoka saa nne unaukuta ndio kwanza unashika nguvu, na jua nalo limeshapanda. Mtafika Kigombe mmechoka, Pangani mtafika hamsemezani.

Miaka niliyokuwa fundi pale Ngamiani, wateja waliorudi wakikokota baiskeli mara nyingi hawakuwa wale walioenda mbali sana. Walikuwa wale walioanza safari kwa kusukumwa na upepo. Mtu anaondoka mjini anateleza tu, anajiona ana miguu ya chuma, anapita pale alipokusudia kugeuzia. Akigeuka ndipo anajua kwamba ile haikuwa nguvu yake.

Kwa hiyo, panga safari kwa upepo kwanza, ramani baadaye. Anza kwa kuuelekea, alfajiri, wewe ukiwa na nguvu na wenyewe ukiwa bado mlegevu. Rudi nao mgongoni. Wakati wa kusi, yaani kuanzia mwezi wa nne au wa tano mpaka wa tisa hivi, anzieni kusini. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, anzieni kaskazini. Masika mazito pumzikeni, maana hata njia zenyewe zinageuka tope.

Safari ninayokupendekeza wewe na wenzako ni ya Tongoni. Ni kama kilomita 17 kutoka mjini kwa barabara ya Pangani. Kwa mwendo wa kutazama mandhari, huku mkiongea, wekeni saa moja na nusu, na nusu saa nyingine ya kusimama. Mwezi huo jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu. Mwanga ukishatosha kuona mashimo, ondokeni. Chai mtakunywa njiani. Ukishapita Mwambani mji unaachia kabisa: minazi, mikorosho, miembe iliyoinamia barabara, na bahari mkono wa kushoto inajitokeza na kujificha. Kipupwe kinafanya hewa iwe baridi kidogo, na mimi sijui wakati mzuri kuliko huo wa kukaa juu ya baiskeli katika mkoa huu.

Barabara hiyo imekuwa ikijengwa kwa lami miaka hii, kwa hiyo mtegemee malori ya kokoto na vumbi jekundu. Pandeni mmojammoja kwa mstari, na aliye nyuma awe na kengele inayolia. Lori likitoka mbele kwa kasi, teremkeni pembeni mlisubiri lipite. Hakuna aibu.

Magofu ya Tongoni yako upande wa bahari, mnakata kushoto. Lipeni kiingilio, na mwacheni mwongozaji awaeleze. Pale kuna msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, mengine yakiwa na nguzo za mawe ya matumbawe, ya karne ya 14 na 15. Hakuna mahali pengine katika mwambao wetu wa Afrika Mashariki penye makaburi mengi namna hiyo ya nguzo pamoja. Vasco da Gama alipita maji haya. Moja ya merikebu zake, São Rafael, ilichomwa moto karibu na hapa mwaka 1499 kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha kuiendesha. Lakini nawaomba msitazame magofu kwa sababu ya Mreno. Tazameni kazi ya waashi wenyewe. Na baiskeli ziacheni nje, msiziegemeze kwenye nguzo. Kaburi ni kaburi hata likiwa na miaka 600.

Sasa jambo ambalo wengi hawalipangi: maji. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu ni bamvua, yaani maji yanajaa sana na kupwa sana, na kwetu bahari ya bamvua inakuwa imekupwa kama saa nne asubuhi. Mtafika Tongoni mkute mikoko imesimama kwenye tope na bahari iko mbali. Kama wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, saa hizohizo maji yamejaa. Hayajai sana, lakini yanafika kwenye mikoko, na hapo ndipo mtu anakaa chini ya mti asitake kuondoka. Kwa hiyo Jumamosi yenu iwe ya mwezi nusu. Ila kama hamu yenu ni kuendesha juu ya mchanga mgumu pale Kigombe, mbele ya Tongoni, geuzeni: chagueni bamvua. Mvuvi yeyote atakwambia saa ya maji bila kutazama simu.

Na Pangani je? Nenda, mwanangu, ni mji wa kwenda. Lakini kwa kusi uiendee kinyume na ulivyopanga. Asubuhi mapema pakieni baiskeli juu ya basi hapa Tanga, mshuke Pangani, mtazame mto na kivuko cha Bweni, kisha mrudi mkiendesha na kusi mgongoni. Kilomita 50 za namna hiyo ni tamu. Patana na konda bei ya baiskeli kabla haijapanda juu, na uifunge mwenyewe kwa mipira ya tyubu, usimwachie utingo. Njiani mtapita mashamba ya mkonge, na hapo simama kidogo ukijua kwamba mkonge wenyewe ulianzia jirani na Pangani, Kikokwe, ambako Mjerumani Richard Hindorf aliotesha miche mwaka 1893.

Kaskazi likirudi, nendeni Amboni. Ni kilomita 8 tu kutoka mjini kuelekea kaskazini, mapango ya chokaa ambamo unahitaji tochi na viatu visivyoteleza. Kwa mtu mwenye watoto wakubwa inafaa sana. Onyo langu ni moja: kabla ya kukata kushoto unatumia barabara kuu ya Horohoro, ambayo ina mabasi ya Mombasa. Pepo za basi linalopita zinaweza kukutupa. Pita pale saa moja asubuhi, usipite saa tano.

Kuhusu baiskeli ya mtumba, usiende nayo popote kabla ya kumpelekea fundi aikaze spoki za nyuma na kukagua beringi. Tairi za mtumba zinaonekana nzima lakini zimekauka. Zikunje kwa kidole, ukiona nyufa badilisha. Beba pampu, viraka, solusheni, vyuma viwili vya kutolea tairi na spana inayokaa kwenye nati za magurudumu yako. Mbigili za pembezoni mwa njia hazichagui baiskeli ya gia wala Phoenix. Na kiti chako kipandishe: pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu. Vijana wengi wa mjini hapa wanaendesha magoti yakigusa usukani, halafu wanasema baiskeli ni nzito.

Shikamoo Mjomba. Sisi ni akina mama sita wa kikoba kimoja, Makorora. Tunataka kuendesha baiskeli jioni moja kwa wiki, kwa afya na kubadilisha hewa. Wote tunavaa dera au baibui na hatutaki kuvaa suruali. Wengine wanatukatisha tamaa. Tuanzie wapi?
*Mama wa kikoba, Makorora*

Marahaba binti yangu. Wanaowakatisha tamaa waambieni Tanga ni mji wa baiskeli, na mama zenu waliendesha na baibui zao wakienda sokoni na shambani. Nimewatengenezea mimi mwenyewe. Niliifurahia barua hii kuliko zote za mwezi huu.

Tafuteni baiskeli za kike, zile ambazo fremu yake imeinama katikati, ili mpande na kushuka bila kuinua mguu. Vitu viwili ni vya lazima: kava zima la mnyororo, na neti ya kufunika gurudumu la nyuma pande zote mbili. Dera likinaswa na spoki linaweza kukuangusha katikati ya barabara. Neti ikikosekana dukani, fundi anaweza kusuka kwa kamba ya plastiki kutoka bawa la tairi mpaka karibu na kitovu cha gurudumu. Mwambieni akaze, isilegee. Dera likusanyeni kwa mkanda au leso kiunoni, na ncha za mtandio zifungwe ndani.

Njia yenu ni ya Raskazone. Kutoka Makorora pitieni mitaa ya Ngamiani ya ndani, ambako magari yanakwenda polepole kwa sababu ya njia panda zile nyingi, mpaka Bustani ya Jamhuri. Hapo simameni muione bandari na Kisiwa cha Toten. Kisha fuateni barabara ya Bombo, mpite hospitali, bahari mkono wa kushoto, mpaka Raskazone. Ni lami, hakuna mlima wa kuwatoa jasho, miti inatoa kivuli. Kwa njia fupi kama hii msihangaike na habari ya upepo. Ondokeni baada ya alasiri, mgeuze mapema muwe nyumbani kabla ya magharibi, maana bodaboda wa saa hiyo wana haraka.

Mwenye pumzi fupi kuliko wote ndiye aende mbele. Mkiwaweka wenye nguvu mbele, wiki ya tatu kundi litakuwa na watu wawili.

Mjomba, nilipeleka baiskeli ufukweni Kigombe, sasa mnyororo umeshika kutu na unalia. Nipake mafuta ya kula?
*Kijana wa Pongwe*

Hapana. Mafuta ya kula yanaganda na kunasa mchanga, na mchanga ndio unaokula meno ya gia. Osha kwanza kwa maji yasiyo ya chumvi na sabuni, chumvi yote itoke, hasa kwenye friwili na kwenye mashina ya spoki. Kausha kwa kitambaa, iache juani kidogo. Kisha mafuta ya cherehani, tone moja kwenye kila pingili, zungusha pedeli kinyumenyume, na ufute yaliyobaki nje. Ukitoka ufukweni fanya hivyo siku hiyohiyo kabla hujala. Kama pingili zimeshagoma kukunjika, nunua mnyororo mpya.