Barua kwa Mwanangu: Samansi ya Deni Lililokwisha Kufutwa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unaniuliza kwamba, ikiwa mahakama ya ufilisi hapa Marekani ilikwisha kukufutia madeni mwaka jana chini ya Sura ya 7 ya Sheria ya Ufilisi, na sasa kampuni usiyoijua imekushtaki katika mahakama ya jimbo kwa deni la kadi ya mkopo, kuna ubaya gani ukiitupa samansi hiyo kapuni. Usiitupe.

Sheria iko upande wako, hilo sibishani nalo. Kifungu cha 524 cha Sheria ya Ufilisi kinabatilisha hukumu yoyote inayokubebesha wewe binafsi deni lililofutwa, tena kinamkataza mdai kufungua au kuendeleza shauri la kulidai. Hata hivyo, jaji wa jimbo hana habari ya amri iliyokufutia madeni mpaka aonyeshwe. Asipopata neno kutoka kwako atatoa hukumu ya upande mmoja, na mdai ataipeleka kwa mwajiri wako ili mshahara ukatwe. Hukumu hiyo itakuwa batili, lakini wewe ndiwe utakayehangaika kuiondoa huku fedha zimeshakwenda.

Mimi mwenyewe yalinifika. Bahasha ilipoletwa, jina la mdai halikunikumbusha chochote, nami nilikaribia kuichana. Kisha nikaketi na Jedwali E/F, ile orodha ya wadai wasio na dhamana niliyoiwasilisha wakati wa kufilisika, nikashuka nayo kwa kidole mstari kwa mstari, hadi nikaona tarakimu nne za mwisho za akaunti ya benki yangu ya zamani: ndizo zilizokuwa kwenye hati ya madai. Benki ilikuwa imeliuza deni, na deni lililofutwa halifufuki kwa kuuzwa.

Nawe fanya hivyo kwanza, ukiangalia hasa tarehe. Katika Sura ya 7 mpaka ni siku uliyowasilisha maombi, wala si siku amri ilipotoka, hivyo ulichokopa baada ya hapo bado unadaiwa. Matunzo ya watoto hayafutwi, na mikopo ya elimu hufutwa kwa nadra sana. Gari lililowekwa dhamana laweza kuchukuliwa usipolilipia, ingawa hutadaiwa salio, na aliyekudhamini bado anabanwa, kwa maana amri ilikufutia wewe deni, haikumfutia yeye.

Ukiona deni limo, andika majibu ya madai na uyawasilishe kwa karani wa mahakama ya jimbo kabla ya muda uliotajwa kwenye samansi, muda ambao hutofautiana jimbo na jimbo. Eleza wazi kwamba deni lilifutwa, taja namba ya shauri la ufilisi, ambatisha nakala ya amri pamoja na ukurasa wa orodha, na usiondoke kwa karani bila nakala yako iliyogongwa muhuri. Nakala nyingine mpelekee wakili wa mdai. Wa kwangu aliliondoa shauri bila hata kuomba radhi. Wako akishupaa, omba mahakama ya ufilisi ilifungue tena jalada lako na imwite mdai ajibu kosa la kudharau amri yake. Mwaka 2019, katika shauri la Taggart dhidi ya Lorenzen, Mahakama ya Juu ilisema mdai anaweza kutiwa hatiani pale ambapo hapana msingi wa haki wa kutilia shaka kwamba amri ilimkataza kufanya alichofanya. Ndiyo maana barua kwa wakili, yenye amri ndani yake, ina uzito.

Wakikupigia simu wakikubembeleza utoe kidogo tu, usiahidi kitu. Makubaliano ya kulibeba deni upya yalipaswa kufanywa kabla ya amri kutolewa, na wao wanalijua hilo kuliko wewe.

Nitumie leo jioni picha ya ukurasa wa kwanza wa samansi, ule wenye tarehe, kabla hujaandika lolote.

Mama yako