Mama amegoma kutembea

SWALI: Mama yangu ana miaka 72 na mwaka jana aligunduliwa kuwa na Alzheimer. Presha anayo pia. Jirani anatuambia akitembea kila siku kumbukumbu itarudi, lakini tukimwambia tutoke anagoma mlangoni. Tumlazimishe? – Binti, Umoja

JIBU: Msimlazimishe, dada. Na kumbukumbu hairudi kwa kutembea. Inauma, ila ni heri mjue sasa. Uingereza, utafiti wa DAPA uliochapishwa 2018 ulihusisha watu 494 wenye dimensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri (Alzheimer ni aina yake mojawapo), ambayo haijakolea sana. Waliopewa mazoezi mazito kwa miezi minne walipata nguvu za mwili, lakini akili zao hazikupata nafuu kuliko za wenzao.

Huenda jirani amesikia habari ya Marekani ya 2011. Wazee 120 walishiriki. Waliotembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, mwaka mzima, hipokampasi yao, sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu mpya, iliongezeka kwa asilimia 2 hivi. Ya wenzao waliojinyoosha tu ilisinyaa. Ni kweli kabisa, ila wazee hao hawakuwa na dimensia.

Hata hivyo mama atembee. Miguu ikilegea ataanguka, na mzee akivunjika nyonga, mara nyingi harudi kutembea kama zamani.

Kugoma kwake pengine si ukaidi. "Mama vaa viatu, chukua leso, tutoke, tukanunue mboga": hayo ni mambo manne, na ukifika la nne la kwanza limeshampotea. Weka viatu mbele ya miguu yake, kaa uvae vyako akikuona, nyamaza. Akishavaa, sema tu, "Twende kwa mama mboga." Akikataa, acha, ujaribu tena baada ya nusu saa.

Mtoke asubuhi, kwa njia ileile kila siku, kwa sababu wengi huchanganyikiwa zaidi jua likianza kuzama. Anzeni na dakika 10. Viatu viwe vya kushika kisigino, malapa humtega. Mfukoni mwake weka karatasi yenye namba yako ya simu.

Siku ya mvua, egemeza kiti imara ukutani. Kaa chako mkielekeana, usimame na kukaa polepole, atakuiga. Mara tano, pumziko, tena mara tano. Dawa za presha zinaweza kuleta kizunguzungu mtu akiinuka ghafla, kwa hiyo akiamka aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja. Kifua kikimuuma au akihema hadi asiweze kuongea, acheni na mumpeleke hospitali.

SWALI: Nina miaka 46, nauza dukani Ngara. Ni lazima hatua 10,000 ili nisipate ugonjwa huu?

JIBU: Si lazima. Katika utafiti wa 2022 wa watu 78,430 Uingereza, waliofikisha hatua kama 9,800 kwa siku ndio walioonekana kupata dimensia kwa uchache zaidi, na hata hatua 3,800 zilifikia karibu nusu ya faida hiyo. Tahadhari moja: ugonjwa wenyewe humpunguzia mtu mwendo miaka mingi kabla ya kujulikana. Utafiti mwingine wa huko, uliodumu takriban miaka 28, uliona upungufu huo hadi miaka tisa kabla. Kwa hiyo sehemu ya tofauti hiyo huenda si kazi ya miguu. Shuka matatu steji moja kabla ya yako, sawa, lakini upimwe presha na sukari pia.