Gitaa dogo la safari: punguza sanduku, iache shingo

Wengi wanaotaka kujitengenezea gitaa dogo huanza na wazo moja: kuchukua gitaa la kawaida na kupunguza kila kitu kwa kiasi kilekile. Mimi nakushauri usifuate njia hiyo. Kinachokula nafasi ndani ya boti na basi ni sanduku, yaani mwili wa gitaa wenye tundu la sauti. Kinachokupa raha ya kupiga ni shingo. Basi kata sanduku bila huruma, na shingo uiache karibu na ilivyo. Mengine nitakayoeleza hapa yanatokana na hilo.

Sisi wa Lamu tunajua gitaa kubwa linavyosumbua. Ukitoka mjini unapanda boti hadi Mokowe, kisha basi la kwenda Malindi au Mombasa. Njiani kuna maji ya chumvi yanayokurukia, kuna jua, na kuna kondakta anayetaka kila mzigo uingie kwenye buti. Hata mtaani, punda mwenye shehena akikukuta kichochoroni ni wewe wa kujibana ukutani. Gitaa la mita moja linakuwa mzigo wa kulinda safari nzima. La sentimita 80 unalipakata.

Tuanze na urefu wa uzi, maana ukikosea hapo hakuna pa kurekebisha baadaye. Gitaa la kawaida la nyuzi za nailoni lina milimita 650 kutoka mfupa wa juu, pale shingo inapokutana na kichwa, hadi mfupa wa briji, kile kipande kinachoshika nyuzi juu ya sanduku. Mimi natumia milimita 580, na sikuchagua namba hiyo kwa kubahatisha. Ukifunga kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote, kwenye freti ya pili (freti ni vile vijiti vinavyokingama shingoni) ya gitaa la 650, sehemu ya uzi inayobaki ikilia ni karibu milimita 579. Kwa hiyo gitaa la 580 ni lile lile kubwa likiwa na kapo freti ya pili: nafasi za vidole unazijua tayari, na seti ya kawaida ya nyuzi ukiikaza toni moja nzima juu inapata mvuto uleule iliyotengenezewa. Ukiipiga kwa tuni ya kawaida mvuto unashuka kwa karibu asilimia 20, nyuzi zinalegea na zile nene zinaanza kugonga freti. Ukitaka lazima tuni ya kawaida, nunua nyuzi za mvuto mkali.

Shingo ikutane na sanduku kwenye freti ya 12. Hiyo ni milimita 290, nusu kamili ya uzi. Sanduku langu lina urefu wa 380, upana wa 250 sehemu ya chini na kina cha 70; kichwa ni 130. Jumla 800. Upana wa shingo kwenye mfupa wa juu usishuke chini ya milimita 48, hata ukishawishika kiasi gani. Magitaa madogo ya dukani mengi huwa yanabana vidole hapo, ndiyo maana watu huyanunua na kuyasahau ukutani.

Sasa sanduku. Kazi inayowakatisha watu tamaa ni kupinda mbavu: unahitaji ubao wa milimita 2, bomba la moto, kalibu, na mkono uliozoea. Kwa gitaa la kwanza nasema chonga. Pwani yetu ina mfano wa kuigwa. Kibangala, ambacho wengine hukiita gambusi, huchongwa kutoka gogo moja, tumbo pamoja na shingo, kisha tumbo likawambwa ngozi. Sisi tutachonga sanduku peke yake na kulifunika kwa ubao, ili lilie kama gitaa.

Mti ni mwembe. Ni mti wa mitumbwi, unapatikana, unakubali patasi, na Hawaii mafundi hutengenezea ukulele. Matatizo yake ni mawili. Kwanza dumuzi wanaupenda. Ukiona vitundu vidogo na unga laini, achana na kipande hicho hata ukipewa bure. Pili, gogo nene likikauka hupasuka kutoka kwenye ncha. Dawa yake ni kulichonga mara mbili. Likiwa bado bichi, litoe tumbo kwa tezo na patasi, uache kuta nene za milimita 15 hadi 20, paka rangi au nta kwenye ncha zote mbili, kisha liweke kivulini penye upepo. Likishakauka ndipo urudi kumalizia: kuta milimita 5, chini milimita 4, na uache kipande kizima kisichochongwa mahali shingo itakapoingia na kingine mkiani. Unapokaribia mwisho, gonga kwa kifundo cha kidole. Sehemu nene hutoa mlio wa kufa, ikishakonda inaitika. Tembeza kidole sanduku zima, weka alama ya penseli pale palipokufa, na uchonge hapo tu.

Utajuaje kwamba limekauka? Fundi mmoja mzee wa Matondoni ndiye aliyenionyesha njia ambayo naitumia hadi leo: peleka kipande kwenye mizani ya duka kila wiki, andika uzito juu yake kwa penseli. Uzito ukiacha kushuka, kimekauka kwa kadiri ya hewa ya hapa. Lakini hewa ya hapa si ya Nairobi. Gitaa lililogandishwa wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa maji, likipelekwa bara mbao zake hunywea na uso hupasuka. Kwa hiyo kazi ya gundi ya uso, yaani ubao wa kufunika sanduku, na mataruma yake, vile vijiti vya kuuimarisha kwa ndani, ifanye wakati wa kaskazi, Januari au Februari, wala usiiguse Mei. Ukiheshimu msimu utaepuka nyufa nyingi ambazo watu huulaumu mti kwazo.

Uso ndio moyo wa sauti. Miti inayosifika duniani kwa kazi hii haipatikani dukani kwetu, ila saipresi ya bara inapatikana kwenye kila duka la mbao, na jamii yake ya Ulaya imetumika miaka mingi kwa mbavu na mgongo wa magitaa ya flamenko ya Hispania. Chagua ubao kwa kuangalia ncha yake: mistari ya mti isimame wima, isilale, na pasiwe na jicho hata moja. Upasue katikati, ufungue vipande viwili kama kurasa za kitabu, uvigandishe ubavu kwa ubavu, kisha upige randa hadi milimita 2.5. Kwa ndani weka mataruma mawili ya kukingama, moja juu ya tundu na moja chini yake, upana milimita 6 na kimo 12, na vijiti vitatu vyembamba vilivyopangwa kama upepeo chini ya briji. Tako la kila taruma ulipige msasa liwe na mviringo kidogo sana, ili uso uvimbe kama milimita 2 katikati. Uvimbe huo ndio akiba yako siku mbao zitakaponywea.

Tundu la sauti lifanye dogo, milimita 60, ingawa gitaa kubwa huwa na karibu 85. Sanduku dogo lina hewa kidogo, na hewa kidogo hulia juu. Tundu likipungua mlio wa hewa hushuka, na ndivyo unavyopata besi kidogo kutoka mwili mdogo. Anza na 60. Kuongeza unaweza, kurudisha huwezi.

Shingo usiifanye ya mti mzito. Sanduku likiwa jepesi na shingo nzito, kichwa huinama kila ukiachia mkono. Mkangazi unafaa sana, mvule pia unafaa, ila ukisaga mvule funika pua na mdomo kwa kitambaa. Vumbi lake linawasha kifua. Mbambakofi ni mzito mno kwa shingo, lakini vipande vinavyobaki kwa wachonga milango ni hazina kwa ubao wa vidole na briji. Waombe, hawakunyimi.

Nikushauri pia usihangaike na shingo ya kukunja. Najua inavutia unapowaza safari. Lakini kila ukiikunja unaanza tuni upya, na bawaba na skrubu za chuma kwenye hewa ya chumvi ni kutu iliyoahirishwa.

Nafasi za freti zinapatikana kwa kanuni moja: gawa urefu wa uzi kwa 17.817, jibu ni umbali wa freti ya kwanza. Toa jibu hilo kwenye urefu, gawa kinachobaki tena kwa 17.817, na uendelee. Kwa 580 freti ya kwanza iko milimita 32.55 kutoka mfupa wa juu, ya pili ni 30.73 mbele yake, ya tatu 29.00. Ukifika ya 12 lazima uwe umetua kwenye 290. Kama hukutua, rudia hesabu kabla ya kushika msumeno. Mfupa wa briji usiuweke kwenye 580 kamili bali 582, kwa sababu uzi ukibonyezwa huvutika na sauti yake hupanda kidogo.

Waya wa freti unaweza kuagiza Nairobi au Mombasa. Ila kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi kwa gitaa la nailoni, nayo ni kufunga freti kwa mshipi wa kuvulia samaki, kama zilivyofungwa freti za ala za kale za Ulaya kwa utumbo wa mnyama. Shingo iwe inanenepa kidogo kidogo kuelekea sandukuni. Chukua mshipi wa milimita 1, uzungushe shingoni karibu na kichwa kuliko mahali unapotakiwa kukaa, funga fundo kwa nguvu kwenye ukingo wa upande wa nyuzi nene, kata ncha na uziguse na moto wa kiberiti mpaka zifanye vijishanga viwili vinavyozuia fundo kuteleza. Kisha isukume freti kuelekea sandukuni. Kwa kuwa shingo inanenepa, kila milimita unayosukuma inajikaza yenyewe, mpaka inafika kwenye alama yake ikiwa imebana kabisa. Freti za mwanzo ziwe za milimita 1, za katikati 0.9, za mwisho 0.8, uzi upite bila kukwaruza. Kumi zinafungika hivyo. Ya 11 na ya 12, ambako kisigino cha shingo kinazuia, gandisha vijiti vya mpingo.

Uzuri wa freti hizi ni kwamba zikikaa vibaya unazisogeza kwa kidole gumba. Na lazima uzisikilize moja moja, kwani mji huu ndiko alikozaliwa Zein l'Abdin, bingwa wa udi aliyefariki mwaka 2016. Masikio ya hapa yamelelewa na ala isiyo na freti, ambayo mpigaji huitafuta sauti mwenyewe. Freti iliyopotoka kidogo wataisikia.

Mshipi huohuo unakuokoa kwenye nyuzi tatu nyembamba: milimita 0.70 kwa wa kwanza, 0.80 kwa wa pili, 1.00 kwa wa tatu. Ni vipimo vilevile vya nyuzi za dukani, kwa hiyo uzi ukikukatikia Faza au Kizingitini, muulize mvuvi. Zile tatu nene zilizoviringishwa waya hazina mbadala, beba za akiba. Nyuzi za chuma usizifikirie kabisa kwenye sanduku hili. Mvuto wake unakaribia mara mbili ya nailoni, na kutu itazila.

Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Gundi ya ngozi, ambayo mafundi wa ala wanaisifu sana, haivumilii joto na unyevu wetu. Kwa kung'arisha, paka shelaki nyembamba, basi. Vanishi nene inaziba sauti, na sifa, yale mafuta ya papa, waachie wenye majahazi.

Nyumbani usilitundike kwenye ukuta wa mawe wa nje, kwani ukuta huo unavuta unyevu na kuutoa taratibu mgongoni mwa gitaa. Ukuta wa ndani ni bora, na uache nafasi nyuma yake upepo upite. Kwa safari nilishona mfuko wa kitambaa cha tanga kuukuu, ndani nikaweka leso mbili. Mfukoni tia vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Vikishiba maji vikaushe kwenye kikaango juu ya moto mdogo. Jua la botini ni adui mkubwa kuliko maji: gundi hulainika kwa joto na briji huanza kung'oka, kwa hiyo gitaa likae chini ya kivuli cha miguu yako, nyuzi zikiwa zimelegezwa toni moja.

Usitegemee ngurumo. Gitaa hili lina sauti ya juu na safi, linasikika vizuri barazani, na besi yake inatosha kumsindikiza mwimbaji mmoja au wawili. Nyuzi mpya zitashuka kwa siku kadhaa kabla ya kutulia. Ukipiga na wenzako kumbuka uko toni moja juu: ukishika G inasikika A, ukishika C inasikika D, ukishika D inasikika E. Mwenzako akitaka wimbo wa C, mwombe aupandishe hadi D, nawe ushike C. Vinginevyo utalazimika kushika Bb usiku kucha.