'Have' na jana havikai sentensi moja

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nachingwea aliniandikia: "Shikamoo dada. Nina usaili mwezi ujao na Kiingereza changu cha kuandika kinanitia aibu. Wewe ulifanyaje?" Chini yake akaweka sentensi aliyoitunga mwenyewe: "If I would finished Form Six, I would applied last year." Niliisoma nikiwa kwenye bajaji natoka Shangani, hapa Mtwara, machozi yakanilenga. Sentensi kama ile niliwahi kuiandika mimi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikakaa misimu miwili kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika kijijini kwetu, napima korosho. Kampuni moja hapa Mtwara mjini ikatangaza kazi ya karani. Kwenye usaili nikapewa karatasi: eleza kwa Kiingereza kazi uliyofanya msimu uliopita. Nikaandika, "I have weighed cashew nuts last year." Msaili akaisoma kwa sauti, akarudia "have… last year", wenzake wakacheka. Kosa hakunieleza. Nilirudi kwa miguu mpaka Chikongola, nikawapita akina mama wanaouza ming'oko, vile viazi pori vyetu, bila kusalimia mtu, na mimi sikulelewa hivyo. Kicheko kile nakisikia mpaka leo.

Kosa lilitoka kwenye Kiswahili chetu. Sisi husema "jana nimepima magunia arobaini" na hakuna anayeshtuka. -Me- na -li- zinapokezana tu mdomoni. Kiingereza hakikubali. Ukishataja jana au mwaka jana, "have" ya namna hii inaondoka: "I weighed forty bags yesterday." "I have weighed" ni ya pale usipotaja lini, unachotaka kusema ni kwamba kazi imekwisha na matokeo yake yapo: magunia yameshapimwa, lori linaweza kupakiwa. Miaka saba ya msingi tumesoma kwa Kiswahili, tunafika kidato cha kwanza kila somo ni kimombo, halafu mtu anakucheka kwa jambo ambalo hakuna aliyekukalisha chini akakuonyesha. Inauma.

Nikaacha majedwali ya kukariri, nikachukua vitenzi vya ghalani: weigh, pack, load, dry, store, ship. Vyote ni vya kawaida, wakati uliopita unaishia -ed, ila kila kimoja kina tabia yake. "Ship" inaongeza p, "shipped". "Dry" inageuza y kuwa i, "dried". "Store" ina e tayari, inadai d tu. Na kutamka! Mimi nilikuwa nasema "pakedi". Kumbe "packed" inafungwa kwa t, kama "pakt". "Weighed" inafungwa kwa d laini. "Loaded" ndiyo inayoongeza silabi, kwa sababu "load" yenyewe inaishia na d. Zinazoishia na t zinakwenda njia hiyo hiyo, kama "wait" na "waited".

Kila usiku kitenzi kimoja kwenye daftari: I pack, she packs, she packed, she has packed, she is packing, she will pack. Kisha kukanusha, na hapa wengi tunaumia: "She did not packed." Hapana. "Did" imeshaubeba wakati uliopita, usiubebeshe tena kitenzi. Andika "She did not pack". Miezi iliyofuata sina cha kusimulia, ni daftari na koroboi.

Iliyonisumbua kuliko zote ni -nge-. Kwetu inakaa pande zote mbili: ningemaliza, ningeomba. Ndiyo maana mkono unatuponyoka tunaandika "would" mara mbili. Kwa Kiingereza upande wenye "if" hauvai "would": "If they packed faster, we would load today." Na kama nafasi yenyewe imeshapita, upande wa "if" unavaa "had" na wa pili "would have"; "have" hiyo iliyo nyuma ya "would" ni nyingine, inakaa na "last year" bila shida. Lakini umbo la kuomba na kuagiza halitupi shida, ile -e ya mwisho, kama kwenye "akague", tunayo tayari. "Meneja aliomba karani akague magunia" ni "The manager asked that the clerk check the bags." Ni "check", haina s wala -ed, ingawa karani ni mmoja na jambo limeshapita.

Mwezi uliopita nimeajiriwa, kampuni nyingine. Usaili ulikuwa na karatasi ile ile, ripoti ya msimu uliopita, na safari hii hakuna aliyecheka. Sasa ripoti ya kila siku ya makontena yanayokwenda bandarini naiandika mimi, na jina langu liko chini yake. Najivunia, sifichi.

Kwa hiyo vijana wenzangu wa Kusini, tuache kusema Kiingereza ni cha watoto wa mjini. Kitenzi kimoja kwa usiku mmoja. Anza na vya kazi yako: kama unavua, vitenzi vya uvuvi, kama unashona, vya cherehani. Nasema tena, kitenzi kimoja kwa usiku mmoja, na uandike kwa mkono.

Yule mdogo wangu wa Nachingwea nilimjibu hayo hayo, kwa maneno mengi kuliko haya. Leo alfajiri amenirudishia sentensi yake: "If I had finished Form Six, I would have applied last year." Chini yake ameandika kitenzi cha usiku wa leo, "plant", kwa kuwa nyumbani kwao wanalima ufuta.